Uzi maalumu kwa wanaochora nje hapa Dar: jua letu lina tabia zake

Kivuli Kirefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jukwaa hili lina watu wenye mkono, hilo halina ubishi. Kila mara naona mmetupia michoro ya Coco, Feri, Kigamboni. Lakini karibu yote ina mwanga mmoja, mwanga wa picha ya simu: vivuli vyeusi tii, anga ya bluu moja kutoka juu hadi chini, mchanga mweupe usio na kitu ndani yake. Anayekaa Dar anajua kabisa kwamba bahari ya saa moja asubuhi siyo ya saa tisa alasiri, na kwamba Januari ina hewa nzito ambayo Julai haina. Kwenye michoro yetu hayo hayaonekani.

Nataka tuzungumze kuhusu kuchora nje, papo hapo, brashi mkononi na kitu chenyewe mbele ya macho. Niseme mapema msimamo wangu: mafunzo mengi tunayofuata YouTube yametengenezwa kwa jua la Ulaya na Marekani. Ukiyabeba mazima mazima ukaja nayo Dar, yatakuangusha.

Tuanze na jioni. Wenzetu wanasifia ule mwanga wa mwisho kabla na baada ya jua kuzama, na wanaufaidi kwa sababu kwao jua linashuka kwa mshazari. Sisi tupo karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, jua linashuka karibu wima. Likishazama una dakika 20 hivi za mwanga wa kufanyia kazi, basi. Paris mwezi Juni wanapata karibu mara mbili ya hizo. Kwa hiyo jioni nafika mahali saa kumi, napanga mchoro kwa penseli, nachanganya rangi za anga kwa kukisia, na jua likigusa mapaa kazi yangu inabaki kuziweka tu. Mfaransa Pierre-Henri de Valenciennes aliandika mwaka 1800 kwamba mchoro wa nje usichukue zaidi ya muda wa saa mbili, na wa macheo au machweo usizidi nusu saa. Kwa Dar, hiyo nusu saa ni ukarimu.

Halafu kuna suala la kaskazini na kusini. Vitabu vinasema studio iwe na dirisha la kaskazini kwa sababu jua halipiti huko. Kwao ni kweli. Hapa, kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri liko kaskazini yetu. Miezi iliyobaki linahamia kusini. Dirisha la kaskazini mwezi Juni linakumwagia jua usoni. Miezi hiyo anayetaka mwanga tulivu ageukie kusini, na ikifika Desemba ahamishe stendi. Nje ni vilevile: ukuta uliouchora Juni ukiwa kivulini, Desemba unaukuta unawaka. Na siku zenyewe za kuvuka, mwanzoni mwa Machi na ile ya Oktoba, jua linasimama utosini, nguzo ya umeme inakosa kivuli kabisa. Mchana wa siku hizo mimi sihangaiki, nalala.

Tukija ufukweni, pwani yetu inatazama mashariki. Coco asubuhi jua liko mbele yako juu ya maji. Maji yote yanameta fedha, watu wanabaki maumbo meusi, rangi hakuna. Wapo wanaoipenda hiyo, na ni nzuri kwa kujifunza giza na mwanga. Baada ya saa tisa jua liko mgongoni, na hapo ndipo bahari inatoa rangi zake: kijani pale penye mchanga chini, bluu penye kina, mabaka ya kahawia yenye zambarau penye miamba na nyasi za baharini. Ukitaka jua lizame juu ya maji, nenda upande wa ndani wa rasi ya Msasani, ule unaotazama ghuba. Au panda pantoni uende Kigamboni uutazame mji kutoka ng'ambo. Ila angalia mwezi wa kalenda. Juni jua linazama nyuma ya maghorofa ya Posta. Desemba limesogea kushoto hadi upande wa Kurasini na bandari. Kati ya Juni na Desemba mahali pa kuzamia panahama kama nyuzi 47. Aliyepanga mchoro kwa picha ya mwezi wa sita akaenda mwezi wa kumi na mbili atalitafuta jua.

Karibuni. Tupieni kazi, ulizeni, pingeni.

Ngoja Waje

Nimekaa pale na kahawa yangu. Madini yanashuka.

Mama Brashi

Nakazia hapo pa jua mgongoni. Ila mleta uzi umesahau mwavuli, na bila mwavuli mengine yote ni kazi bure. Karatasi nyeupe ikipigwa na jua la saa nne, macho yanabana, kila rangi unayoweka unaiona nyepesi mno, unaongeza giza. Ukirudi ndani unakuta umechora usiku. Karatasi na ubao wa kuchanganyia vyote viwe ndani ya kivuli kimoja.

Sasa kuna kijana jirani yangu alienda kuazima mwavuli wa wakala wa pesa za simu, ule mkubwa mwekundu. Chini yake kila kitu kilikuwa na wekundu, akawa anaupunguza bila kujijua. Alipoutoa mchoro kwenye mwanga wa kawaida, ngalawa, wavuvi na samaki wote ni kijani. Mwavuli uwe mweusi au kijivu. Na fulana hivyohivyo, nyekundu na njano zinarudisha rangi yake kwenye karatasi.

Mimi ni mtu wa rangi za maji, na niwaambie, zinafuata msimu kuliko rangi nyingine zote. Masika unaweka anga, unasubiri, unapiga soga na muuza mihogo, unarudi, bado mbichi. Kipupwe, kusi ikivuma, inakauka kabla hujaivuta hadi chini, na unabaki na mstari mgumu katikati ya anga. Tumia karatasi nzito, ya gramu 300. Wakati wa kusi ilowanishe hadi nyuma. Masika chora anga peke yake siku hiyo, mengine umalizie nyumbani. Na zikikauka msizirundike kabatini, unyevu wa mji huu unazijaza madoa ya kahawia.

Fundi Hadibodi

Mkuu, nakuheshimu ila acha nipinge. Mimi nakula kwa brashi.

Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 huku Oysterbay, hadibodi na rangi ya kopo, akafariki 1972, na kazi haijasimama hadi leo. Kwenye tingatinga hakuna kivuli wala saa, na ndiyo inayotambulika duniani kuwa ya kwetu. Sam Ntiro alichora maisha ya Wachaga kule Kilimanjaro kwa rangi zake bapa, na jumba la sanaa la MoMA la New York likachukua kazi yake mwaka 1960. Hao nao walikosa mwanga?

Mteja wangu haulizi hii ni saa ngapi, anauliza itaingia kwenye begi. Nje ni vumbi, jua, na watu wanaokuuliza bei ya kitu hujamaliza. Picha ya simu napiga bure, nakaa chini ya feni nachora. Niambie napoteza nini.

Kivuli Kirefu

Fundi, tingatinga siigusi. Haijawahi kudai kwamba ni saa kumi jioni. Inachora mnyama na kisa chake, na ile rangi ya kopo yenyewe inapendeza ikikaa bapa na kung'aa. Ninaowasema ni sisi tunaochora kisha tunaandika chini "Feri asubuhi", halafu asubuhi yenyewe haimo.

Unachopoteza ni kivuli. Simu ukiielekeza angani, chini panakuwa peusi. Ukiielekeza chini, anga inafutika. Za siku hizi zinaunganisha picha kadhaa na kukupa kitu ambacho jicho halikukiona. Ukiwa pale mwenyewe, kivuli cha mkungu juu ya mchanga kina bluu, kwa sababu jua limezuiwa lakini anga bado inakimulika. Sasa angalia tumbo la mashua iliyopandishwa ufukweni. Ungetegemea liwe jeusi, lakini mchanga unalirushia mwanga kutoka chini, linapata rangi ya chungwa iliyofifia. Kanzu nyeupe ya mtu aliyesimama ufukweni inafanya hivyohivyo upande wa kivuli: mabegani bluu, pindoni joto. Mimi nikiona hivyo viwili kwenye mchoro najua aliyechora alikuwepo.

Na si kwamba ni mila ya kale sana hata huko kwao. Rangi za mafuta zilibebwa kwenye vibofu vya nguruwe hadi Mmarekani John Goffe Rand alipopata hataza ya tyubu ya bati mwaka 1841. Hapo ndipo kutoka nje na rangi kamili kukawa kitu cha kawaida. Mfaransa Claude Monet akaja kufanya jambo ambalo naona ndilo linalotufaa zaidi: alipochora marundo ya nafaka, 1890 hadi 1891, na baadaye kanisa kuu la Rouen, zaidi ya michoro 30, alikuwa na turubai nyingi kwa mpigo. Mwanga ukibadilika, anaweka hii, anachukua ile. Kwa jua letu linalokimbia, vibao vidogo vinne vya saizi ya daftari vinashinda turubai moja kubwa la kukimbizana nalo.

Chumvi Nyingi

Mimi shida yangu Coco ni upepo. Kusi inanijazia mchanga kwenye rangi mpaka mchoro umekuwa msasa. Halafu walinzi. Nilikaa karibu na eneo moja la mjini nachora maji tu, mlinzi akataka kuona kila ukurasa wa daftari langu. Wenzangu mnafanyaje?

Mama Brashi

Mchanga acha ukauke na rangi, kisha upanguse kwa brashi kavu. Utakaobaki uache. Mchoro wa Monet wa ufukwe wa Trouville wa mwaka 1870, ulioko National Gallery London, una chembe za mchanga ndani ya rangi hadi kesho. Na mwaka 2017 kule Kansas City waligundua panzi kwenye mchoro wa mizeituni wa Van Gogh. Wewe una mchanga tu unalalamika.

Kuhusu walinzi: bandari, kivuko, Magogoni upande wa Ikulu, na popote penye jeshi, mtu anayekaa nusu siku akitazama sehemu moja huku anaandika lazima aulizwe. Nenda wewe kwanza kabla hawajakufuata. Salimia, onyesha daftari, sema utamaliza saa ngapi. Mtaani kwa watu, pita kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Ukiambiwa hapana, funga vitu vyako. Kama hutaki maswali kabisa, Kijiji cha Makumbusho pale barabara ya Bagamoyo unalipa kiingilio na unapata nyumba za asili, makuti na kivuli cha miti siku nzima.

Mzee wa Mashua

Wanangu, mimi si mchoraji, mjukuu kanionyesha uzi huu. Naona mnazungumza jua tu, jua tu. Bahari haifuati saa ya ukutani.

Maji yanachelewa karibu dakika 50 kila siku. Umekuja leo saa tatu maji yako ukingoni, ukija keshokutwa saa tatu hiyohiyo picha siyo ile. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapwa hasa karibu saa nne, saa tano asubuhi, miamba yote nje na kina mama wanatafuta pweza. Saa kumi jioni yamerudi yamejaa. Hapo maji yamepanda zaidi ya mita tatu. Sasa wewe umekaa chini unachora, utachoraje? Siku za maji mafu hayana mwendo huo, ndizo siku za kuchora chombo kinachoelea.

Ukitaka maji yaleyale kwa saa ileile, rudi baada ya siku 14 au 15.

La mwisho, naomba mlishike. Mashua ikikaukiwa inalala ubavu na mlingoti unakwenda nao. Ngalawa hailali, inashikwa na ndubi zake, zile mbao za ubavuni. Nimeona picha inauzwa mjini, maji yamekauka, mashua imesimama wima kama askari. Kunduchi nzima ingecheka.

Kivuli Kirefu

Shikamoo mzee. Hii ya siku 14 tungeitafuta vitabuni tusingeipata, kwa sababu Mfaransa aliyechora shambani hakuwa na maji ya kumkimbia.

Inaniongezea jambo. Mwingereza John Constable alipokuwa anachora mawingu kule Hampstead, mwaka 1821 na 1822, alikuwa anaandika nyuma ya mchoro tarehe, saa na upepo. Sisi wa pwani tuongeze mstari wa nne: maji yanajaa au yanapwa, bamvua au mafu. Ukirudi wiki mbili baadaye kumalizia, hutabahatisha.

Mzee wa Mashua

Marhaba. Na upepo andikeni jina lake, siyo "upepo" tu. Kaskazi na kusi hazileti wimbi moja.

Ngoja Waje

Mzee ameufunga uzi. Ila swali: mnasema "hewa nzito ya Januari". Hewa unaichoraje? Haina rangi.

Kivuli Kirefu

Ina rangi. Nenda Kunduchi utazame kisiwa cha Mbudya. Asubuhi ya Julai baada ya mvua ndogo ya usiku unaona kijani cha miti na mstari wa mchanga chini yake. Siku ya joto kali ya Januari au Februari kisiwa hichohicho ni ukanda wa kijivu, ukingo wake umeyeyuka. Kisiwa hakijasogea.

Mafunzo ya Ulaya yatakwambia kitu cha mbali kipake bluu. Kwenye hewa kavu na safi ni sawa. Hapa kwetu hewa ya pwani imejaa unyevu na chembe za chumvi, ambazo zinatawanya rangi zote karibu sawa, siyo bluu peke yake. Kwa hiyo umbali wa Dar unaelekea kwenye weupe, hata njano kidogo asubuhi. Mimi nachukua rangi ya anga ile niliyochanganya tayari, ile ya karibu na upeo, naongeza kijani kidogo mno, nachora kisiwa nayo anga ikiwa bado mbichi ili kingo zishikane. Rangi mpya kwa ajili ya kisiwa sichanganyi. Ukiichanganya, kisiwa kinaruka mbele na joto lote limetoka kwenye mchoro.

Na kuna hewa nyingine naipenda kuliko zote, ila inahitaji roho ngumu: alasiri za masika, wingu zito limesimama baharini, rangi ya risasi yenye zambarau, halafu jua la saa kumi linatoka magharibi nyuma yako na kumulika kila kitu cha mbele. Ukuta mweupe, bati, tanga la ngalawa, vyote vinang'aa kuliko anga. Anga yenye giza kuliko ardhi! Kwenye picha ya simu inaonekana imetiwa chumvi. Una muda mfupi sana kabla mvua haijakufikia, kwa hiyo anza na wingu, weka giza lake mara moja bila woga, uache nafasi nyeupe za vitu vinavyowaka.

Binti Temeke

Shikamooni wakubwa. Nina maswali mawili. Mimi ni mwanamke na niko peke yangu. Nikifungua daftari tu sokoni watu wanajaa mgongoni. La pili, bajeti yangu ni ndogo sana, nianze na nini?

Mama Brashi

Marhaba mwanangu. Feri usianzie hapo, mnada wa samaki haumsubiri mtu aliyekaa njiani. Anza mahali penye mama ntilie. Kula kwake, mwombe ukae pembeni, mgongo ukutani ili asiwepo wa nyuma yako. Akishakuzoea yeye, eneo lote limekuzoea, na akija msumbufu ni yeye atakayemfukuza, siyo wewe. Stendi iache nyumbani, daftari la mapajani linatosha. Watoto wape kazi ya kushika kopo la maji. Na siku za mwanzo nenda na mwenzio hata kama hachori.

Vifaa namwachia Fundi, yeye ndiye anajua vya bei ya chini.

Fundi Hadibodi

Binti, nenda Keko kwa mafundi wa fenicha uombe mabaki ya hadibodi, wakukatie vipande vidogo. Tumia upande laini. Paka rangi ya maji ya ukutani mara mbili, ya mara ya pili uitie kahawia kidogo, ubao usiwe mweupe wa kuumiza macho juani. Nunua akriliki chache: nyeupe, njano, nyekundu, bluu mbili, kahawia ya udongo. Nyeusi usinunue, changanya bluu na kahawia. Upepo utazikausha hata kabla hujazitumia, kwa hiyo beba chupa ya kupulizia maji.

Rangi ya kopo kama ninayotumia mimi usitoke nayo. Inachuruzika, inachelewa kukauka, kila mdudu wa Dar atatua hapo. Na siku ukihamia rangi za mafuta, usidanganyike kuzilainisha kwa mafuta ya nazi. Hayakauki. Mafuta ya kitani ndiyo yanayokauka na kuwa ngozi.

Mleta uzi, bado sijakubali. Wateja wangu hawanunui saa. Ila ile ya tumbo la mashua kuwa chungwa nilipita kuiangalia. Ipo.

Kivuli Kirefu

Nimefurahi kusikia, Fundi. Nakusubiri na mwavuli.

Chumvi Nyingi

Swali la haraka kabla sijalala. Kanisa la Azania Front, nataka upande unaotazama bandari, ule wenye vipaa vya vigae vyekundu juu ya madirisha. Mwezi wa saba nije saa ngapi?

Kivuli Kirefu

Asubuhi, uwe umeshakaa kufikia saa moja na nusu. Julai jua linahamia kaskazini mapema, na likishapita nyuma ya jengo upande huo unabaki na mwanga wa anga peke yake. Ukuta mweupe unakuwa wa bluu na vile vigae vinazima. Kama unataka vigae viwake na kila kimoja kiangushe kivuli ukutani, subiri Desemba au Januari, jua likiwa kusini. Mimi ningeuchora mara zote mbili, kwenye vibao vya saizi moja.

Na ukae upande wa pili wa barabara. Karibu zaidi shingo itauma kwa ajili ya mnara.